Boneti ya baba mkwe

Ndugu yangu, nimeumbuka. Nimeumbuka mbele ya baba mkwe!

Ile manifoldi niliyokuringia, ya kuingiza hewa kwenye injini ya gari lake ili supachaja, ile pampu ya kuishindilia injini hewa, ikae juu yake? Imekaa barabara. Hakuna hewa inayovuja. Nimewasha, injini ikanguruma mpaka mzee akacheka peke yake kama mtoto.

Halafu akasema, "Haya mkwe, rudishia boneti twende zetu."

Rudishia boneti!

Nimerudishia. Haifungi. Supachaja imechomoza kama nundu ya ngamia. Nimesukuma, nimebonyeza, mwisho nimeikalia. NIMEIKALIA, huku mkwe ananitazama!

Unanijua kwa kupima. Nilipima kila tundu, kila bolti, kila kona inayopita hewa. Fundi bingwa mimi! Boneti ndiyo sikuipima.

Mzee akaniuliza kwa upole, ule upole unaochoma: "Kwani wakati wote huo boneti ilikuwa wapi?"

Ilikuwa humu humu karakanani, nimeilaza juu ya mapipa mawili. Ndiyo meza niliyochorea manifoldi.