Nukta Yangu Chini ya Vernis Yako

Vieux Etabo,

Leo sikusalimii. Miaka kumi na mbili nilikuwa naingia ku garage kila asubui, nasema "Jambo Vieux", unajibu "Jambo mutoto yangu, leta tournevis." Sasa nimekaa ku kiti yako, tournevis, bisibisi yako ndefu, iko ku mukono yangu, na salamu inagoma kutoka. Kama kule uliko iko muntu wa kukusomea barua, akusomee yote, asiruke mustari hata moja.

Nianze na habari za hapa, ju mi sijapoteza adabu yote. Ni miezi miwili tangu tension, ile presha ya damu, ikuangushe. Bâche, turubai ya garage, ilipasuliwa na upepo ya ziwa, nikaweka mabati. Mama Aline, muke yako, ameanza kula vizuri, lakini mashati zako zingali ku kamba, hataki mutu azitoe. Bale bashofere banapita banapunguza mwendo, banauliza, "Sasa nani ataregle mapompe, azipange zitie mafuta sawa?" Na mimi Riziki nilikuwa nainamisha kichwa tu. Mi pia nilikuwa najiuliza.

Ju we ndiwe ulisema. Ulisema mbele ya batu, na muji ya Baraka muzima ikarudilia: "Riziki iko na mikono, lakini sikio hana."

Juzi Amisi wa Lulimba akaleta Mbuzi. Sina haja ya kukukumbusha Mbuzi ni gari gani. Ile mwili ya jeep ya zamani ilivuka ziwa ndani ya bateau, yenyewe haina moteur, ile injini, tukaitilia moteur ya camion ndogo, tukainua maressort, zile springi za chini, tukaipa matairi makubwa mpaka bamama ba soko banakanyaga kwanza kiti ndiyo bapande. Amisi anabeba nayo batu na maharagi, Lulimba mpaka Baraka, ku barabara yenye gari zingine zinalia. Miaka saba iliyopita, ndiyo moteur ya kwanza uliniachia niregle mi peke yangu.

Siku tatu, Vieux. Ncha ya tournevis ku pompe ya mazout, mupini nyuma ya sikio, ku mufupa. Nasogeza pompe kidogo kama unywele, nafunga, nasikiliza. Nafungua tena. Siku ya tatu moteur ikaacha kugombana, ikasema sauti moja tu, na mi nikatoka mbio kukuita kama mutoto mwenye kupata bonbon. Uliweka kiganja ku capot, kifuniko ya moteur, ukafunga macho, ukasema, "Tia alama."

Unajua sheria ya alama, ni yako. Fundi akimaliza kuregle pompe, anatia alama ku pompe na ingine ku moteur, zinaangaliana, na hakuna mwengine anaigusa mpaka amwite mwenyewe. Muntu moja ulimufukuza kazi ju ya hiyo, nikiwa nimesimama pale. Alama yako ilikuwa mustari wa vernis nyekundu ya makucha, ulikuwa unaiiba kwa Mama Aline, anakutukana, unacheka. Yangu ilikuwa nukta, naipiga na kale kachuma kangu kenye ncha ya kuvunjika. Nukta zangu zote ziko na kamukia kadogo pembeni.

Kesho yake Mbuzi ikatoka na batu kumi na tatu, mi pia nikiwa ndani. Ku mupando wa Fizi ikatoa moshi mweupe, ikakosa nguvu, ikaanza kurudi nyuma. Batu bakaruka. Mama Sifa, ule wa Swima wa kuuza ndakala, zile dagaa, akaruka vibaya, muguu ikavunjika. Tulipotuma kukuita, ulifika ku pikipiki, mupole kabisa, hata jasho hukuwa nayo. Ukafungua capot mbele ya bote, ukasogeza pompe, ukapaka mustari yako nyekundu. Mbuzi ikapanda ule mulima kama haina kitu mugongoni. Batu bakapiga makofi. Mi nilikuwa nimeshika kichwa ya Mama Sifa ku mapaja yangu, analia, na ndipo uliposema ile maneno juu ya sikio yangu.

Miaka saba niliibeba ile maneno. Mi nilikuwa nafungua, nasafisha, nafunga, na kuregle ikabaki kazi yako. Unaweka kiganja ku capot, mi naweka tournevis nyuma ya sikio, unaniuliza, "Unasikia nini?" Najibu, "Bado inagonga, Vieux." Unasogeza. "Na sasa?" "Sasa imetulia." Unafunga, unapaka vernis. Nilifikiri unanifundisha! Nilikuwa najivuna hata, ju kila mara jibu yangu ilikuwa sawa, nasema labda siku moja atanirudishia kazi ya kuregle. Amisi akaja mara mbili kuniomba nifungue garage kule Lulimba, kwa bachimbaji ba zahabu, gari mingi na fundi hakuna. Nikakataa. Nilimwambia nitaua batu. Na kila Siku ya Posho, Jumamosi ya soko, nilikuwa naenda kwa Mama Sifa kununua ndakala mingi kuliko ninazoweza kula, simuangalii ku macho, naangalia tu ile fimbo yake.

Basi juzi pompe ya Mbuzi ilikuwa inavuja. Ilipaswa niitoe, na kabla ya kuitoa nilitaka kuona vizuri mustari yako unaanzia wapi, nisiipoteze. Unaona, hata ukiwa kaburini nilikuwa nalinda alama yako. Vernis ilikuwa imezeeka, nikaikwangua na wembe polepole. Chini yake, ku moteur, kulikuwa nukta yenye kamukia.

Yangu.

Nikakwangua na pembeni. Upana wa ukucha moja tu, chini ya rangi nyeusi, kulikuwa nukta ingine, ya mviringo, safi, ya kachuma kako kenye ncha nzima. Nilikaa chini ku mafuta, na Amisi akauliza kama nagonjwa. Nilikuwa nasoma ile chuma kama barua. Kabla Mbuzi itoke ile asubui, ulisogeza pompe, ukaziba nukta yangu, ukapiga ya uongo ili nikiangalia nione alama zinaangaliana. Halafu kule ku mulima ukarudisha pompe pale pale nilipokuwa nimeiweka mimi, ukafunika nukta yangu na vernis, na ile ya uongo baadaye ukaipaka rangi nyeusi. Makofi yale, Vieux. Yalikuwa ya sikio yangu.

Nilienda kwa Mama Aline na mikono michafu hivyo hivyo, nikamwambia nilichokuta. Alikuwa anachagua muchele. Hakubisha, hata hakuinua kichwa. Akasema, "Alikuwa hasikii, Riziki. Sikio ya kuume ilikufa kwanza, na ile ingine ikafuata. Alijua we ukienda, yeye si fundi tena." Akasema jioni ya ule muguu wa Mama Sifa hukukula, na kesho yake pia. Halafu akanishika mukono, akaniomba nisikuchafulie jina mbele ya batu.

Kumbe "unasikia nini" ulikuwa unauliza kweli! We ndiye hukuwa na sikio, na ukanivalisha mimi hiyo aibu miaka saba.

Ungeniambia. Ungesema tu, "Mutoto yangu, sisikii tena." Ningebaki, Vieux! Ningekuwa sikio yako mpaka siku ya kukuzika, na hakuna mutu angejua, hata Lulimba nisingeiwaza. Hiyo ndiyo inaniuma mpaka nashindwa kulala. Uliniibia kitu nilikuwa tayari kukupa. Na ukavunja muguu ya mama ya batu ju ya kukiiba. Sijui kama hukukusudia muguu. Lakini ule mulima, we uliujua vizuri.

Siku ya Posho nilienda soko, nikamwambia Mama Sifa yote. Yeye peke yake. Muguu ni yake, iko na haki ya kujua. Akafukuza inzi ku samaki. Halafu akasema, "Kwa hiyo zile ndakala zote ulikuwa unakula ju ya huruma?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Leo basi nunua ju ya njaa," akanipimia, na kwa mara ya kwanza nikamuangalia ku macho. Kwa bengine nitanyamaza. Nanyamaza ju ya Mama Aline, usijidanganye kwamba ni ju yako.

Pompe ya Mbuzi nimeifunga ku nukta yangu na sikupaka kitu juu. Kesho napanda nayo Lulimba, vyombo vyangu viko ndani tayari, Amisi amepata nafasi ya garage karibu na soko. Tournevis ndefu naibeba, sikio yangu ndiyo imeizoea. Ka chupa ka vernis nimemurudishia Mama Aline, mwenyewe.

Nakuahidi kitu moja, na hiyo nakuahidi na roho yote: mutu nitakayemufundisha, siku moteur yake itasema sauti moja, nitamwambia siku ile ile, na mbele ya batu.

Kaburi yako iko pembeni ya barabara, mbele ya mupando. Amisi anataka tusimame tuombe. Nimemwambia hapana. Siku ingine labda, mwaka ingine, roho ikipoa. Kesho sitashuka, lakini nitamwambia apite ku vitesse ya kwanza, gia ya polepole, karibu kabisa, mpaka udongo itetemeke. Weka kiganja, Vieux, vile ulikuwa unaweka ku capot. Nitakuwa nimekaa mbele, na hautaniuliza nasikia nini.

Lala.

Riziki