Chaki ya Biliadi Kwenye Ukindu

Jumatano, 1955

Chaki ile ya buluu ndiyo pekee iliyobaki hotelini ninakofanya kazi, na wageni wa biliadi wameitoboa katikati kwa fimbo zao kama kisima. Nikaja nayo nyumbani niisugue kwenye jiwe la tumbawe mpaka iwe bapa tena, kama nifanyavyo siku zote.

Niliiacha barazani nikaenda kuswali. Kurudi, nikakuta mke wangu ameshaitia chunguni pamoja na ukindu.

"Si umeniletea rangi, Baba Salim? Nakusukia mkeka wako wa kuswalia."

Nikamsaidia kuutoa ukindu chunguni.

Ukindu umeanikwa kambani, buluu hafifu, unayumbayumba kama uko majini. Kesho meneja ataniuliza chaki. Lakini sasa nautazama tu, na tayari nausikia ubaridi wake kwenye paji la uso, kama niliyesujudu.