Kitabu Chako cha Kuku Kimenigombanisha na Sitara

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
19 Agosti, 1956.

Mpendwa mdogo wangu Candida,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Hujambo? Kifua kimepona, au baridi ya Uingereza bado inakusumbua? Sisi huku wazima. Mwanao Celina hajashikwa na homa tangu Pasaka, anakula vizuri, na vile viatu ulivyomletea havimwingii tena. Mimi mwili ni mzima, ila roho imechafuka, na mmoja wa walioichafua ni wewe. Nivumilie nikueleze.

Kitabu cha yule kuku mnene mwenye kofia kilifika. Picha zake nzuri, sikatai. Uliandika nimsomee mwanao kila siku kwa Kiingereza, tena kwa sauti, ili sikio lake lizoee vina, maana wauguzi wenzako wamekuambia watoto wa kwao ndivyo wanavyolelewa. Basi nikasoma. Mimi huyu, mwenye watoto arobaini na saba wa darasa la pili, niliyesimama tangu saa moja asubuhi, nikakaa barazani na kitabu. Ukurasa wa pili Celina akaniuliza, "Mama mkubwa, unasemaje?" Wa tatu akainuka akaenda kuwafukuza kuku wa kweli.

Nikaamua kumfasiria. Hapo ndipo nilipoiona kazi. Leo nikisema kuku alikwenda, kesho nikisema kuku alitoka, mtoto ananishika mkono: "Jana hukusema hivyo!" Wewe uliye mbali unadhani kusoma kitabu cha picha ni mchezo. Mtoto wa miaka minne hasahau neno. Na vile vina vilivyopendeza kwa Kiingereza, kwa Kiswahili changu vilipotea vyote, yakabaki maneno tu.

Ndipo nikafanya kosa la kumwendea Zahoro, fundi cherehani wa barazani kwetu, ambaye hutuma mashairi yake gazetini. Nilimwomba vina vyepesi, vya mtoto. Akaniambia yeye hatungi kitu kisicho na mizani, hata kama ni cha kuku. Alikaa na kitabu siku nne, suruali za watu zikimngoja. Ubeti wa kwanza ulikuwa huu:

Kuku mnene jirani,
apita kila jikoni,
aonja vyote chunguni,
haya hana abadani.

Nilifurahi, Candida, siwezi kusema uongo. Niliyanakili mashairi yote kwa mwandiko wa ubaoni, nikayabandika kwa gundi ya unga juu ya Kiingereza chako. Jumatatu jioni nikasoma barazani. Watoto wa mtaa mzima wakaja. Nilipaza sauti kwa sababu ya malori ya sokoni, nao wakawa wanaitikia, "Haya hana abadani!" Celina alikuwa akirukaruka na kupiga makofi. Siku hiyo nilikielewa ulichokuwa unakitaka.

Sasa, yule Sitara niliyekuandikia habari zake, wa chumba cha pili, anayekaa na Celina ninapokuwa shuleni. Ni mama mnene, mpishi wa harusi, na nyumba nzima humwita jikoni awaonjee chumvi. Alikuwa pale barazani anasukwa. Akainuka nywele zimesukwa upande mmoja, akakunja mkeka wake, akaingia ndani.

Mimi mtu wa Kibosho ningejuaje? Huku pwani wanawake wakigombana hutungiana nyimbo za vijembe. Ukisoma beti mbele za watu, lazima kuna mtu umemlenga, na kila aliyepo anaangaza macho amjue ni nani. Nami nilikuwa nimewapa watoto ishirini kazi ya kuitikia! Zahoro, mzaliwa wa hapa hapa, alipaswa kujua. Nilipomfokea alisema hakumfikiria mtu, alikuwa anatafuta kina tu, na nikimwondolea neno "jirani" ubeti wake unakufa. Nusura nimpige na kitabu.

Nilikwenda kwa Sitara kumwomba radhi. Nikabandua karatasi mbele yake, nikamwonyesha kwamba hadithi ni ya Wazungu wasiomjua yeye wala mimi. Akaitazama picha kwa muda.

"Kuku nimemwona, mwalimu," akasema. "Hebu nionyeshe na huyo jirani alipoandikwa."

Hakuwapo. Nilipekua kurasa kama mwizi anayetafuta risiti.

"Ukiwa na lako, niambie usoni," akaniambia. "Mtoto wako anakula chumbani kwangu mwaka wa pili huu, sijamtangazia mtu." Akafunga mlango.

Siku tatu nikaenda na Celina shuleni. Alikaa chini ya meza yangu, akalia, akachora kwenye madaftari ya watu. Mwalimu mkuu aliniita akaniambia niamue kama nimekuja kufundisha au kulea. Sikumlaumu. Nilikulaumu wewe, na Zahoro, na kuku.

Ijumaa asubuhi Celina akakataa hata kuvaa. "Namtaka mama! Namtaka mama!" Nikaiteremsha picha yako ya sare ya uuguzi, nikampa, nikamwambia mama huyu hapa. Aliitazama, akanirudishia. "Huyu si mama. Huyu wa vitabu." Kisha akanyoosha kidole kwenye ukuta wa Sitara, akaendelea kulia.

Kuta za nyumba hizi hazifiki paani, na Sitara alisikia yote. Aliingia bila hodi, akambeba, akatoka naye. Mimi hakunitazama. Tangu siku hiyo mtoto anakwenda kwake kama zamani, na mimi hanisemeshi, wiki ya pili sasa. Namshukuru, naona wivu kwa ajili yako, na nimechoka.

Katika barua yako uliniuliza kama uongeze mwaka mwingine usomee ukunga. Nilikuandikia ukurasa mzima wa kukutia moyo, kwamba wakunga huku ni wachache na wewe una akili, kisha nikauchana. Yote niliyoandika yalikuwa kweli. Lakini siwezi kumfanya mwanao akujue kwa kumsomea, Candida. Nimejaribu kwa Kiingereza, nimejaribu kwa Kiswahili, nimejaribu hata kwa mizani.

Mama anakusalimu kutoka Kibosho, mgongo umetulia kidogo. Kaka Anaeli naye anakusalimu, na mkewe Severa amejifungua mtoto wa kiume, wamemwita Polycarp. Mungu akutunze huko ugenini, na Bikira Maria asikuache peke yako kwenye zamu zako.

Nilimwuliza Celina ana salamu gani kwako. Alifikiri kidogo, akasema, "Mwambie alete kitabu kingine." Mimi nasema usilete. Njoo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Josepha