Donda Ndugu kwa Kiingereza

Tabora, Jumamosi jioni. Kiangazi kimekaza. Upepo umepuliza vumbi tangu asubuhi, na meza hii niliyoifuta saa kumi sasa inaandikika kwa kidole. Miguu imechoka kwa baiskeli, lakini akili haitaki kukaa chini.

Nianze na aibu yangu, mengine yatafuata.

Mimi ni mkalimani. Kazi yangu katika ofisi ya Serikali hapa mjini ni kusimama kati ya mtu na Bwana Mkubwa, Mzungu mkuu wa wilaya, nichukue Kiswahili cha huyu nimpe yule Kiingereza, kisha nirudi na jibu. Najisifu kwa kazi hii, sikatai. Nina daftari dogo la maneno mfukoni, na nikikutana na neno nisilolijua hata chakula hakishuki. Mke wangu, Mama Tabitha, husema ningeoa kamusi tungekuwa tumeelewana zaidi.

Alhamisi nilimsemea Mzee Mihambo.

Mzee Mihambo ni mtu wa Tura, ila ameishi Kanyenye, hapa hapa mjini, miaka mingi kwa sababu ya kazi. Alikuwa katika yadi ya mkandarasi mmoja Mzungu anayetengeneza mataruma, yale magogo yanayolala chini ya vyuma vya reli. Huku kwetu gogo likilala chini, mchwa hawaliachi. Kwa hiyo kila taruma huchovywa kwanza katika tangi la mafuta ya lami, yakiwa ya moto, yanafuka moshi. Mzee ndiye aliyekuwa mchovyaji, tangu kabla ya vita vya Hitla. Hakuwahi kupewa glavu. Alikunja shati hadi juu ya viwiko akaendelea.

Sasa ana donda kwenye mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko, na halifungi. Yadi ilimwambia apumzike nyumbani, maana yake imemfukuza kwa upole. Ndipo mpwa wake mmoja aliyesoma akamwambia kuna sheria, kwamba mtu aliyeumizwa na kazi yake ana haki ya kutibiwa na kulipwa fidia. Mzee akafungua madai. Bwana Mkubwa akikubali kwamba donda limetokana na kazi, mkandarasi atalazimika kumpeleka hospitali kubwa Dar es Salaam. Akikataa, Mzee atapanda treni arudi Tura na mkono wake vilevile, na habari imekwisha.

Basi tukasimama chini ya picha ya Malkia. Bwana Mkubwa akauliza mtu huyu anaumwa nini. Nikamuuliza Mzee. Akasema, "Nina donda ndugu."

Na mimi, kwa kiherehere changu, hata pumzi sikuvuta. Donda ndugu kwa Kiingereza nalijua tangu shule ya misheni: ni donda la nchi za joto. Nikalitoa hapo hapo, tena kwa matamshi ya kujionyesha.

Daktari aliyeletwa na mkandarasi akaitikia kwa kichwa na kufunika kalamu yake. Hata kitambaa alichofungia Mzee donda hakukifungua. Akasema ugonjwa huo umejaa wilaya nzima, hata watoto wa shule wanao, unatokana na kutembea peku na kula vibaya, yadi haihusiki. Bwana Mkubwa akaandika. Sahihi ataitia Jumatatu saa tatu.

Tulipofika mlangoni Mzee alinishika mkono kwa ule wake mzima. "Ahsante sana mwanangu," akasema. "Umenisemea vizuri."

Nikarudi nyumbani nimefurahi! Mungu anisamehe. Nikamsimulia Mama Tabitha tukiwa tunakula, naye akaacha tonge mkononi.

"La mkononi? Marehemu mama alikuwa nalo mguuni, lilinuka mpaka tukawa tunamtengea chumba. La huyo mzee linanuka?"

Sijui, nikasema. Nilisimama karibu naye na sikusikia harufu yoyote isipokuwa ya lami.

"Linamuuma?"

Sijui.

"Sasa Baba Tabitha, ulitafsiri nini?"

Tangu hapo niko juu ya miiba. Jana nilikaa ofisini nikiwaza, kama donda hili linatokana na kutembea peku, je, Mzee Mihambo hutembea kwa viwiko? Nikacheka peke yangu. Halafu kicheko kikakatika, maana mtu niliyekuwa namcheka ni mimi.

Leo asubuhi nikapanda baiskeli hadi Kanyenye. Mzee alikuwa amekaa barazani anasuka kamba kwa mkono mmoja na vidole vya mguu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaita mkewe alete kigoda. Sikuzunguka. Nikamwomba anionyeshe.

Akafungua kitambaa taratibu. Nimeona madonda mengi katika wilaya hii, lakini hili sikuwahi. Katikati limechimbika, kingo zimeinuka na kuviringika kama ukingo wa ungo, na ukiligusa pembeni ni gumu. Haliumi sana, akasema. Kuzunguka donda hilo, na mkono mzima kushuka hadi kwenye kifundo, zimejaa chunjua ndogo nyeusi, vinyama vigumu vya ngozi.

"Lilianzaje, mzee?"

"Lilianza chunjua. Moja ikakwaruzwa na taruma, ikawa kidonda. Kidonda kikakataa kutoka."

Nikamuuliza kwa nini hakusema hivyo Alhamisi. Hakukasirika. "Niliulizwa naumwa nini. Hakuna aliyeuliza limeanzaje."

Ukweli mtupu. Hata mimi sikuuliza, na mimi ndiye niliyekuwa na lugha zote mbili.

Nikamuuliza tena, hilo neno ndugu linatoka wapi. Hapo akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga aliyesoma. "Ndugu yako akija kwako anaondoka? Analeta mkeka wake anakaa. Donda lolote lisilotoka sisi tunaliita hivyo."

Donda lolote! Nikalitoa daftari nikaandika, nikapiga mstari chini mara mbili.

Kisha nikataka kujua kuhusu zile chunjua, kama wenzake wa tangini wanazo. Akacheka hasa, mpaka mkewe akachungulia. Wote wanazo, akasema. Baba yake Mzee Mihambo alikuwa mpagazi, amebeba pembe za ndovu kutoka hapa Unyanyembe hadi pwani, na begani alikuwa na sugu nene aliyokufa nayo. Zamani hizo kijana asiye na sugu hakuhesabiwa mtu. Hata binti akiletewa posa aliuliza kwanza habari za bega. Basi wao wa yadi walizichukulia chunjua hivyo hivyo. Mgeni akiajiriwa walimwonyesha mikono yao wakamwambia, wewe ngozi laini, bado hujafika. Nani atapeleka sugu kwa daktari?

Babu yangu mwenyewe alikuwa nayo, na nikiwa mdogo nilipenda kuigusa. Ningefanya kazi katika yadi ile ningezionyesha chunjua zangu sokoni.

Akaniambia wa zamani wa tangi lile walikuwa watatu. Saidi alikufa mwaka juzi, donda lake lilimtoka sikioni, kwa kuwa yeye alikuwa akibeba mataruma begani yakiwa bado yanachuruzika. Aliyebaki ni Athumani, na bado yuko kazini.

Nikaenda. Adhuhuri nilimkuta Athumani kwenye geti la yadi, anakula mihogo ya kuchemsha. Mikono yake! Nilisahau adabu nikaitazama tu, mpaka akashusha shati. Nilipotoa daftari akalisukuma kwa upole. "Karani, ukiandika, usiandike jina langu. Mimi kazi bado ninayo." Sikumlaumu, ana watoto sita. Lakini alinipa kitu kimoja: wale wanaochochea moto chini ya tangi, wasiogusa mafuta, hawana hata chunjua moja.

Kutoka hapo nikaenda ofisini. Jumamosi mchana hapana mtu ila tarishi, amelala kwenye benchi. Nikafungua kabati, nikatoa kile kitabu kinene cha sheria ya wafanyakazi walioumia. Kwa miaka yote hii nimekifuta vumbi tu. Sasa nikakisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, na mwisho kabisa nikakuta orodha ya magonjwa ambayo sheria inayahesabu kuwa ni majeraha ya kazi. Sumu ya madini ya risasi. Sumu ya zebaki. Na chini yake, lo! Donda la ngozi linalowapata wanaoshika lami na mafuta ya lami.

Lipo! Wazungu wenyewe wameliandika!

Ila jina walilolipa donda hilo ni neno jingine kabisa, cancer, si lile nililolisema mimi. Nilikuwa nimelisoma mara moja tu, katika gazeti, penye habari za mtu aliyekufa. Nikaleta kamusi. Maana ya kwanza, kaa wa baharini. Mimi wa Tabora, kaa nimemsikia tu. Maana ya pili, nyota fulani za mbinguni. Nikaona nimepotea. Maana ya tatu: aina ya donda ndugu.

Nilipiga kelele, tarishi akaruka akidhani nyoka.

Kumbe Kiswahili chetu kina neno moja, Kiingereza wana mawili. Moja ni donda la watoto wa shule, la pili ni donda la lami. Mzee Mihambo alisema kweli. Mimi ndiye niliyemchagulia, na nikamchagulia linalomnyima haki, bila hata kumwambia kwamba kulikuwa na kuchagua.

Nikarudi Kanyenye mbio, upepo wa vumbi unanipiga usoni na mimi nacheka. Ndiyo, nacheka, naandika ukweli hapa. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu cha thamani. Nikaingia barazani hata bila hodi, nikammwagia Mzee yote: kitabu, orodha, maneno mawili, kosa langu la Alhamisi. Nikamwomba radhi.

Aliiweka kamba magotini.

"Kwa hiyo Alhamisi sikusema mimi," akasema. "Ulisema wewe."

"Ndiyo, mzee."

"Haya. Na hilo la kwenye kitabu, linapona?"

Nimezunguka mji mzima leo. Nimeuliza lilianzaje, nimeuliza kwa nini linaitwa ndugu, nimewachungulia watu mikono, nimefukua kamusi. Swali hilo halikunijia hata mara moja. Nilikuwa nafukuzia neno, na mwenye donda amekaa mbele yangu.

"Kitabu hakisemi, mzee," nikamwambia.

"Basi kamuulize anayejua."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Aliichukua kamba magotini pa mumewe akaanza kuikunja, ingawa haikuwa imekwisha.

Sasa niko hapa, Mama Tabitha yuko jikoni, na nimeshaamua. Jumatatu nitafika kabla ya saa tatu, kabla kalamu haijagusa karatasi, nimwambie Bwana Mkubwa kwamba mkalimani wake alikosea. Naogopa. Aliyeshika kazi hii kabla yangu alifukuzwa kwa kuambiwa anaongeza maneno yake mwenyewe, na mimi nitaambiwa hivyo hivyo. Nitaomba kitambaa kifunguliwe, daktari atazame kwa macho yake. Jina la Athumani sitalitaja, ila nitaomba mtu atumwe yadini akatazame mikono ya wachovyaji wote. Baada ya hapo nitamuuliza daktari swali la Mzee, kama alivyoliuliza, neno moja tu.

Wakati naondoka Mzee alinisindikiza hadi barabarani, akanipa sharti. Jibu lolote litakalotoka, nimpe lote, kama lilivyo. "Usinipunguzie," akasema.

Nikamwahidi. Ahadi ilinitoka haraka, kama lile neno la Alhamisi. Daktari akisema lile ninaloliogopa, na Mzee Mihambo amesimama pembeni yangu akiningoja, nitaweza kumwambia kwa Kiswahili bila kumtafutia neno jepesi?