Kisogo Changu Nacho

Jumanne, Kimulot

Kumbe hata nywele za nyuma zinaisha.

Nilikuwa nimejipa moyo kwamba nitapandikizwa nywele, angalau zianze kumea kabla ya harusi ya binti yangu. Daktari wa ngozi kule Kericho alinieleza vizuri. Wanatia ganzi, wanatoa nywele moja moja na mizizi yake kutoka kisogoni, kisha wanazipanda mbele kwenye vishimo vidogo. Baada ya wiki chache zinaanguka, halafu zinamea upya polepole, karibu mwaka mzima. "Ni kama kuhamisha miche ya chai," akasema.

Halafu akanigeuza, akaangalia kisogo changu kwa kioo cha kukuza.

"Mama, hata huku zinapungua. Nikizihamisha, zitaanguka zisimee tena. Sina mahali pa kutoa."

Dada yangu Chebet, aliyenisindikiza, akavua kitambaa chake. Nywele zake bado ni nyingi kama za msichana. "Daktari, toa kwangu. Si tumezaliwa tumbo moja?"

Daktari akamwambia pole, mwili wangu utazikataa. Chebet akalia. Mimi sikulia, sijui kwa nini.

Nyumbani mume wangu akauliza nimeambiwa nini. Miaka mitatu sijavua kitambaa mbele yake. Nikamwambia wataniita kupandikizwa.

Akafurahi sana, akampigia binti yetu simu papo hapo: "Mama yako atatengenezwa!"

Nikamsikia mtoto akishangilia. Nikapewa simu, nami nikashangilia pamoja naye.