Barafu ya Opondo

Dunga,
Kisumu.
11 Machi 2025

Mpendwa mpwa wangu Obiero,

Habari za huko kwenye baridi? Kile kifua kimepona? Sisi tu wazima. Mama yako goti linamsumbua, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote.

Uliniandikia kwamba soko likiachwa huru hakuna anayeweza kulishika peke yake, maana akipandisha bei, mwingine atakuja na bei nafuu. Nilikubali. Sasa sikia ya hapa.

Opondo alileta hapa ufukweni mashine ya barafu ya kuhifadhia samaki, akauza kwa bei ya chini kuliko wote. Wauzaji wadogo wakafunga mmoja mmoja. Alipobaki peke yake, akapandisha. Hakumtisha mtu, hakuvunja sheria.

Kweli, mwingine alikuja: Wakhisi wa Kisian, na tuktuk yake iliyojaa barafu. Siku hiyohiyo Opondo akashusha. Akina mama wa samaki, mama yako akiwa mbele, walimsalimia Wakhisi vizuri, wakamwombea baraka, kisha wakanunua kwa Opondo. Barafu ya Wakhisi ikayeyukia kwenye gunia.

“Mzee, mimi narudi nyumbani,” aliniambia. “Huyu anaweza kula hasara mwaka mzima. Mimi hata wiki siwezi.”

Kabla hajafika Kisian, bei ilikuwa imepanda.

Siku hizi Opondo hakuuzii barafu mpaka umuuzie samaki, tena kwa bei anayotaka yeye. Mama yako alikataa. Samaki wake, ngege wazuri, wakaoza, akalia. Sikuwa nimemwona akilia tangu tumzike baba yako, na iliniuma. Sasa anauza dagaa, omena yetu hii, anaianika juani kwenye nyavu kuukuu pale ufukweni. Haihitaji barafu, na ndiyo inayomsomesha mdogo wako Sheryl.

Kwa hiyo hukukosea, mpwa: mwingine huja. Ila hukuniambia hukaa muda gani.

Mke wangu Akinyi na Sheryl wanakusalimu sana. Mama yako hajatuma salamu kwa kuwa tangu asubuhi yuko ufukweni. Opondo amekuja na fundi kupima kile kiwanja cha kuanikia omena, anasema amekikodi chote. Dada yangu amekwenda na goti lake, ameketi juu ya kamba yao ya kupimia. Wamemwomba ainuke, amekataa.

Ninampelekea chai. Mungu akutunze huko uliko.

Mimi mjomba wako akupendaye,
Odongo