Nilisema "Mimi" Mbele ya Matajiri

Jumamosi, Eldoret. Baridi imekaa tangu asubuhi, na mimi siwezi kukaa. Nimefagia jikoni mara mbili.

Kesho jioni kipindi chetu kinaonyeshwa kwenye runinga. Ni kile cha watu kusimama mbele ya matajiri na kuomba mtaji. Nilirekodiwa Nairobi mwezi uliopita, nikiwa na chupa sita za mursik, maziwa lala yetu yanayotiwa mkaa. Tajiri mmoja, mama mwenye sauti ya chini, alikubali kuweka pesa zake. Mtaa mzima unajua hilo. Nekesa amealika majirani waje kuangalia kwake.

Kuna jambo hawajui.

Nekesa ni mwenzangu katika biashara hii. Mimi huleta maziwa kutoka Moiben kwa baba. Yeye huyachemsha, huyagandisha na kuyafunga. Mwaka jana chupa zilikuwa zikivimba na kumwagika kabla ya kufika dukani. Ni yeye aliyejaribu wiki baada ya wiki mpaka zikaacha kuvimba. Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa. Siku ya kurekodi alibaki nyuma ili wateja wasikose maziwa.

Yule mama aliniuliza, "Hii shida ya chupa kuvimba, nani aliimaliza?"

Nikasema, "Mimi."

Nimejidanganya mwezi mzima kwamba ni zile taa za studio, kwamba niliogopa. Sikuogopa. Nilitaka wanione mimi ndiye mwenye akili.

Leo saa nane nimeenda kwa Nekesa, mtaa wa Langas. Nimemkuta akipanga viti alivyoazima kanisani. Nimemwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, maana nilijua nikiketi nitanyamaza.

Ameshusha kiti polepole.

"Umesaini mkataba?"

"Bado. Tunasaini Jumatano."

"Na huyo mama, anajua?"

"Nimempigia asubuhi. Amesema hataamua mpaka atuone sisi wawili."

Nekesa si mtu wa kelele, na leo ningependa anipigie kelele.

"Acha niwaambie watu wasije kesho," nimesema.

"Waje. Nataka nikuone ukilisema hilo neno, 'mimi'."

Kisha ameendelea na viti vyake. Hakuniomba nimsaidie, hakunifukuza. Nimebeba viwili, nikavipanga, nikaondoka.

Sasa niko nyumbani na chai imepoa. Pengine mtaji umeenda. Pengine Nekesa pia ameenda, ila hajaniambia. Nafungua simu, naandika pole, nafuta. Pole ya simu haitoshi.

Nimeamua. Kesho, kabla kipindi hakijaanza, nitawaambia majirani mwenyewe ni nani aliyeokoa zile chupa.

Kama niliweza kusimama mbele ya matajiri nikadanganya, nitashindwaje kusimama Langas niseme kweli?